Kamera imekufa, lenzi nzima: usianze na bisibisi

Mwanga Hafifu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali hili linarudi kila mara, nimeona bora lipate uzi wake. Mtu ana kamera ya zamani ya filamu. Mvukuto (ule mfuko unaokunjika kati ya lenzi na mwili) umetoboka, mlango wa nyuma haufungi au gia za kuvuta filamu zimesagika, lakini akimulika lenzi anaikuta safi kabisa. Je, inaweza kutolewa ikafungwa kwenye kamera ya dijitali? Inaweza. Tatizo ni kwamba wengi huiua lenzi siku ileile wanayotaka kuiokoa, kwa sababu wanaanza kuchomoa kioo kimoja kimoja.

Kamera nyingi za kukunja za karne ya 20 zina lenzi ya vioo vitatu au vinne. Muundo wa vitatu aliubuni H. Dennis Taylor mwaka 1893. Ule wa vinne, Tessar, ulitoka Zeiss mwaka 1902 kwa kazi ya Paul Rudolph, na watengenezaji wengine wakauiga kwa majina yao wenyewe. Yote miwili inategemea nafasi iliyopo kati ya kioo na kioo, na nafasi hizo hupimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita. Kinachozishikilia ni shata, yaani kile kifaa kinachofunguka na kujifunga kupitisha mwanga: vioo vya mbele vimefungwa usoni pake, vya nyuma mgongoni, vibati vya apecha (tundu la kuongeza na kupunguza mwanga) viko katikati. Kwa hiyo kinachotolewa ni bonge zima, lenzi na shata pamoja. Ukilitoa bila kulifungua, kiwanda kimeshakufanyia sehemu ngumu kuliko zote.

Kabla ya hapo, hakikisha kamera imekufa kweli. Mvukuto wenye matundu madogo kwenye kona huzibika kwa rangi nyeusi ya mpira, na mvukuto mzima unaweza kubadilishwa. Shata inayosuasua mara nyingi inataka kusafishwa tu, mafuta yamegandia. Mimi siipasui kamera inayoweza kupiga filamu tena. Lakini kama mwili umepinda, reli zinazobeba ubao wa lenzi zimevunjika au kutu imekula chumba cha filamu, hapo sioni cha kuhuzunikia.

Halafu mulika lenzi. Fungua mlango wa nyuma, weka shata kwenye B (inabaki wazi muda wote unaobonyeza), ishikilie wazi, apecha wazi kabisa, kisha pitisha tochi upande mmoja huku ukitazama upande wa pili kwa kuinamisha. Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele haisumbui sana kama watu wanavyodhani. Kioo cha nyuma kikikwaruzwa, utakiona kwenye picha. Ukungu wa kijivu uliotanda sawasawa mara nyingi ni mvuke wa grisi, na hufutika. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi ni fangasi. Na ukiona upinde wa mvua au mapovu kwenye ukingo wa kundi la nyuma katika lenzi aina ya Tessar, gundi inayounganisha vioo viwili vya kundi hilo imeanza kuachia. Ikiwa pembeni tu, endelea. Ikifika katikati, iache.

Sasa hesabu, na hii ndiyo inayoamua kila kitu.

Kila kamera ina kina chake, yaani umbali kutoka kwenye mdomo inapofungwa lenzi hadi kwenye sensa, ile sehemu ya ndani inayonasa picha badala ya filamu. Kwa aina za midomo, Nikon F ni milimita 46.5, M42 (mdomo wa skrubu wa milimita 42) ni 45.46, Canon EF ni 44. Zile zisizo na kioo cha kuakisi ni fupi: Canon RF 20, Micro Four Thirds 19.25, Sony E 18, Fujifilm X 17.7, Nikon Z 16. Kwa lenzi hizi za zamani zilizo sahili, ukilenga kitu cha mbali sana, katikati ya lenzi inakaa mbali na sensa kwa takribani urefu wake wa fokasi. Toa kina cha kamera kwenye urefu wa fokasi, utajua umebakiwa na nafasi gani ya kuweka bomba la kufokasi.

Chukua lenzi ya milimita 85 kutoka Agfa Isolette, kamera ya kukunja. Kwenye Nikon F unabakiwa na 38.5, nafasi ya kutosha. Ya milimita 105 kutoka kamera ya 6x9 (ukubwa wa picha yake kwa sentimita), kwenye Canon EF unabakiwa na 61, hiyo ni anasa. Lakini ya milimita 45 kutoka kamera ndogo ya filamu ya 35mm, kwenye Nikon F jibu ni pungufu ya sifuri. Haitafokasi mbali kamwe hata umlete fundi gani, na kioo cha kuakisi kitaigonga. Hiyo inataka kamera fupi.

Ndiyo maana namshauri anayeanza atafute kamera ya kukunja ya 6x6 au 6x9. Fokasi yake ni ndefu, haina umeme, na bonge lake ni dogo, limeshikwa na ringi moja tu.

Kulitoa: tazama ndani ya chumba cha filamu, nyuma ya lenzi. Utaona ringi nyembamba yenye mapengo mawili yanayotazamana. Tumia spana ya lenzi, ile yenye ncha mbili zinazorekebishika. Ncha za mkasi zitateleza, na zikiteleza zinaelekea kwenye kioo. Wakati mwingine kundi la nyuma linaziba njia, basi lifungue kwanza, lizungushe taratibu, weka alama ya penseli kuonyesha upande uliotazama filamu. Ringi ikitoka, bonge linaondoka kwa mbele. Angalia kipini kidogo kinacholizuia lisizunguke, usilazimishe. Ukikuta vipete vyembamba kama karatasi kati ya shata na ubao, vitunze.

Kulifunga: njia rahisi kuliko zote ni kifuniko cha plastiki cha mwili wa kamera ya M42. Pima kwa kalipa thredi ya mgongo wa shata, toboa kifuniko katikati kwa kipimo hicho, pitisha shata, kisha ikaze kwa ringi yake ileile ya asili. Kifuniko sasa kina thredi ya M42, na helikoidi za M42 zinapatikana kwa urefu tofauti wa milimita: 17–31, 25–55, 36–90. Helikoidi ni lile bomba linalorefuka na kufupika ukilizungusha; nyuma yake inaingia adapta, ringi ya kuliunganisha na mdomo wa kamera yako. Kwa 85 kwenye Nikon F, ile ya 25–55 inatosha. Infiniti, yaani fokasi ya mbali kabisa, inaangukia karibu na 38 na ushei, na ukiivuta hadi mwisho unafokasi hadi kama nusu mita. Kwenye Sony E tumia 36–90. Tundu likikosa kuwa katikati kidogo utavumilia, lakini kifuniko kikikaa mshazari upande mmoja wa picha utafifia kila mara.

Shata ya zamani iache wazi kwa T (inabaki wazi bila kushikiliwa), au B na waya wa kufyatulia wenye kufuli. Kamera ya dijitali itatumia shata yake, na wewe utabaki na apecha ya zamani inayofanya kazi. Kile kiwiko cha kujipiga picha mwenyewe usikiguse kabisa, kwenye shata kongwe kina sifa ya kukwama na kukwamisha kila kitu.

Karibuni.

---

Bisibisi

Mkuu, uzi umeshiba. Mimi nina Isolette hiyohiyo, ila ringi ya kufokasi ya mbele haizunguki hata kwa koleo. Nikiongeza nguvu naisikia inataka kutii.

Mwanga Hafifu

Simama hapohapo! Inayotaka kutii siyo unayoidhani. Grisi ya Agfa ya miaka ile hugeuka gundi ya kijani, na kioo cha mbele hushikana na kishikio cha kioo cha pili. Ukilazimisha, vyote viwili vinatoka pamoja kwenye shata, na kipimo cha infiniti kinapotea. Weka koleo chini. Pasha ukingo kwa draya ya nywele, dondoshea tone dogo la nafta (yale mafuta ya viberiti vya kujaza) kwenye mshono, uache, urudie. Inaweza kuchukua siku kadhaa. Tone dogo, kwa sababu likizidi linapenya hadi kwenye vibati vya shata, na linabeba grisi kwenda nayo.

Vikiwa vimeshatoka pamoja, usiogope. Loweka, vitenganishe, safisha thredi, kioo cha pili kirudishe hadi mwisho wa thredi yake kikae imara, halafu cha mbele ndicho utakachotumia kutafuta infiniti.

Bisibisi

Nimekuelewa. Lakini kama nitakuwa na helikoidi, hiyo ringi ya mbele ina kazi gani tena?

Mwanga Hafifu

Haina. Ipeleke infiniti, iache hapo, ikiwezekana ikaze. Kufokasi kwa kusogeza kioo cha mbele peke yake ilikuwa njia ya kupunguza gharama. Inabadilisha nafasi kati ya vioo, na ubora unashuka kadiri unavyokaribia. Helikoidi inasogeza lenzi nzima na nafasi zinabaki vilevile. Ndiyo maana hizi lenzi zikihamishwa, picha za karibu zinakuwa nzuri kuliko zilivyokuwa kwenye kamera yake ya asili.

---

Jicho la Paka

Mimi nimefunga ya milimita 105 kwa njia hii. Inafokasi, lakini picha zimefifia, nyeusi haiwi nyeusi. Lenzi nimeimulika ni safi. Au ndiyo ukongwe wenyewe?

Mama Negativu

Ukongwe wasingiziwa tu, mwanangu. Hiyo lenzi ilitengenezwa kulisha filamu ya 6x9, mshazari wake ni kama milimita 100. Sensa kubwa ya kawaida ina mshazari wa milimita 43. Mwanga wote uliobaki unaenda wapi? Unagonga kuta za bomba lako na kurudi kwenye sensa. Chungulia ndani ya helikoidi, utaona inang'aa. Ibandike ndani kitambaa cheusi cha mahameli au karatasi nyeusi isiyong'aa, na mbele weka kofia ndefu ya lenzi. Hata ya karatasi ngumu.

Halafu tazama rangi ya mng'ao kwenye kioo. Ukiona bluu au zambarau, ina koti la kupunguza mng'ao. Teknolojia hiyo Alexander Smakula aliipatia Zeiss mwaka 1935, ila kwenye kamera za kawaida ilienea baada ya vita. Ukiona mng'ao mweupe mtupu, haina koti, na jua lisiigonge usoni.

Jicho la Paka

Mama, mahameli imefanya kazi. Tofauti naiona hata bila kuhariri. Asante.

---

Tulizana

Naomba nipinge kidogo. Kila kamera inayochinjwa ni moja inayopungua duniani. Mnawafundisha vijana kukata vitu ambavyo havitengenezwi tena. Mwenye kamera mbovu mwingine angeihitaji hiyo lenzi na shata kuokoa yake.

Mwanga Hafifu

Hoja yako naikubali nusu. Ndiyo maana nimeanza na kuhakikisha kamera imekufa. Lakini angalia njia niliyoeleza: hakuna kinachokatwa kwenye kamera wala kwenye shata. Kinachotobolewa ni kifuniko cha plastiki. Nisichokikubali ni wale wanaosaga mdomo wa lenzi ili iingie kwenye adapta.

Tulizana

Ya kusaga ndiyo iliyonikera zaidi. Sawa.

---

Kijana wa Shata

Wakuu, nina Yashica Electro 35, umeme wake umekufa. Lenzi ni 45mm f/1.7, na f/1.7 hiyo naitamani kwa apecha yake pana. Kamera yangu ni Sony E.

Mwanga Hafifu

Hesabu inakubali kwa shida: 45 kutoa 18 ni 27. Ndani ya hizo 27 lazima iingie nusu ya nyuma ya lenzi, ambayo kwenye kamera hizi ni nene, pamoja na helikoidi fupi na adapta nyembamba. Watu wanafanya na inapendeza sana. Lakini hiyo siyo ringi moja tu kama kwenye kamera ya kukunja. Utatoa ngozi ya mbele, kuna nyaya, na shata inaendeshwa kwa umeme. Bila umeme lazima utafute njia ya kuizuia vibati visijifunge, na hapo ndipo wengi wanapoishia kuving'oa. Ukiving'oa vya shata, hakikisha vya apecha vinabaki. Ni seti mbili tofauti.

Kama hujawahi, anza na kamera ya kukunja ndipo uje kwa hii.

Kijana wa Shata

Na zile ndogo za miaka ya 80 na 90 zenye flashi ndani? Ninazo zimejaa kwenye boksi.

Bisibisi

Hapo ngoja niingie mimi, maana umeme ndiyo kazi yangu. Usifungue hizo kabla hujasoma hapa. Flashi inalishwa na kapasita inayochajiwa hadi volti 300 hivi, na inaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya betri kutolewa. Miguu yake iko wazi kwenye bodi, karibu kabisa na pale vidole vinaposhika. Toa betri, iache, fungua kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki bila kugusa bodi, kisha shusha chaji kupitia rezista ya kilo-omu chache yenye uwezo wa wati kadhaa, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpira. Pima kwa multimita mpaka isome karibu na sifuri. Wanaoishoti kwa bisibisi wanapata cheche, mlio na kapasita iliyoharibika. Zile kamera za kutumia mara moja zenye flashi nazo ni hivyohivyo.

Mwanga Hafifu

Ongezea kwamba mavuno yenyewe ni haba. Lenzi zake nyingi ni fupi, 35 au chini, kioo cha nyuma kinakaribia kugusa filamu. Na nyingi hutumia vibati vilevile kama shata na apecha, ambavyo vinajifunga umeme ukikosekana. Unabaki na lenzi iliyozibwa. Kwa hizo mimi natafuta kazi nyingine.

---

Mama Negativu

Kazi nyingine ndiyo iliyosahaulika katika uzi huu. Si lazima kila lenzi ifungwe kwenye kamera. Lenzi ya milimita 50 ni kikuzaji bora kuliko vingi vinavyouzwa: gawa 250 kwa urefu wa fokasi, unapata mara ngapi inakuza. Ya 50 inakuza mara 5, ya 75 mara 3 na kidogo. Mimi nakagulia negativu kwa lenzi ya kamera iliyokufa, na kingo hazipindi.

Au igeuze mbele nyuma, uishikize mbele ya lenzi ndefu ya kamera yako, upigie wadudu. Gawa fokasi ya iliyo kwenye kamera kwa fokasi ya iliyogeuzwa. Lenzi ya 100 yenye 50 iliyogeuzwa inakupa mara 2 ya ukubwa halisi. Hapo kina cha kamera hakina neno.

Na tafadhali, lenzi isiyo na kifuniko isiachwe dirishani. Jua likipita ndani yake linachoma meza.

Kijana wa Shata

Mama, nina pia lenzi ya f/1.4 iliyogeuka rangi ya chai. Naweza kuifanya kikuzaji?

Mama Negativu

Ni ipi?

Kijana wa Shata

Super-Takumar 50mm f/1.4, ya M42.

Mama Negativu

Hiyo hapana. Matoleo mengi ya lenzi hiyo yana kioo chenye thoriamu, na hiyo rangi ya chai inatokana na mionzi yake yenyewe kwa miaka mingi. Kwenye kamera itumie bila hofu, iko mbali na mwili wako na muda ni mfupi. Kikuzaji kinakaa jichoni, kwa hiyo chagua nyingine. Usiisage wala kuipiga msasa, na ikivunjika usichezee vumbi lake. Rangi inaondoka ukiiweka chini ya taa ya urujuanimno kwa siku kadhaa.

Na wewe hata huna cha kuokoa. Ni lenzi inayotoka kwenye kamera yake kwa kuizungusha kwa mkono tu, nunua adapta ya M42 basi.

Jicho la Paka

Kwenye hilo la adapta, tahadhari na za M39. Zenit za mwanzo na kamera za Leica za skrubu zina kipenyo kilekile cha milimita 39, lakini kina cha Zenit ni 45.2 na cha Leica ni 28.8. Lenzi ya Zenit kwenye adapta ya Leica inaingia vizuri kabisa, halafu hakuna kinachofokasi.

---

Tulizana

Nimerudi, safari hii na swali. Nimepata Nettar, kamera ya kukunja ya 6x6, ambayo hata mimi nakubali imekufa. Lenzi ni Novar 75mm, ina fangasi kidogo nyuma ya kioo cha mbele. Naogopa kuihifadhi karibu na nyingine.

Mwanga Hafifu

Mbegu za fangasi ziko hewani kila mahali, kwa hiyo kinachoamua ni unyevu na giza. Bado, itenge mpaka uisafishe, haikugharimu kitu. Kioo cha mbele cha Novar kinafunguka kwa kulegeza vile viskrubu vidogo vya pembeni kwenye ringi ya fokasi. Kabla hujazungusha, piga picha, na uhesabu mizunguko hadi kitoke, maana thredi inaweza kuingilia sehemu kadhaa na ni moja tu iliyo sahihi.

Safisha kwa spiriti ya isopropili na karatasi ya lenzi, kutoka katikati kwenda nje. Ikibaki, haidrojeni peroksaidi ya 3%, dakika chache, kisha ifute. Asetoni isikaribie, inakula rangi nyeusi ya kingo. Ikiwa baada ya hapo bado unaona alama za mizizi, fangasi imekula koti lenyewe na hilo halirudi. Weka kofia ya lenzi upige hivyohivyo.

Tulizana

Na infiniti nitaipataje bila kipimo?

Mwanga Hafifu

Kwa kuwa utaifunga kwenye dijitali, skrini yako ndiyo kipimo. Ringi ya mbele irudishe kwenye alama yake ya infiniti kwanza. Apecha wazi kabisa, lenga kitu chenye mistari mikali kilicho mita mia tatu au zaidi, au mwezi, kuza picha kwenye skrini hadi mwisho, zungusha helikoidi taratibu. Inapokaza, weka alama ya rangi kwenye helikoidi. Hakikisha alama haiangukii mwisho kabisa wa mzunguko, acha nafasi ndogo, kwa sababu joto na baridi husogeza vitu.

Ile ringi ya nyuma utaitumia kukaza kwenye kifuniko. Vipete na kipini viweke kwenye mfuko mmoja na mwili wa Nettar, uandike juu yake. Ukija kupata mwili mzima, lenzi inarudi nyumbani kwa jioni moja.